Dalili ya Mvua ni Mawingu: Uhakiki wa Kiswahili katika Programu ya Kituo cha Hali ya Hewa

Utangulizi

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mkazi wa Mahoko, katika sekta ya Kanama wilayani Rubavu, methali hii ina utata kidogo, kwa kuwa mawingu ya kuogopwa aghalabu si yale yaliyo juu ya paa lake. Mto Sebeya hukusanya maji ya milima iliyo mbali na soko, kisha huyashusha hadi Mahoko kabla ya kuyafikisha Ziwa Kivu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda. Mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130, na Mahoko ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo Sebeya iliingia majumbani.

Tangu hapo haja ya kupima mvua imekuwa jambo la kila mtu. Vituo vidogo vya nyumbani vya kupimia hali ya hewa vinapatikana, na programu ya kuviendesha ipo bila malipo. Idarani kwetu imekuwa ikizunguka rasimu ya tafsiri ya Kiswahili ya programu mojawapo, iliyoandaliwa na wanafunzi kwa nia ya kuitumia katika kituo kitakachowekwa Mahoko. Makala haya yanalenga kuihakiki rasimu hiyo. Hoja yetu kuu ni kwamba tafsiri ya programu ya aina hii haipimwi kwa uzuri wa istilahi mojamoja. Inapimwa kwa jambo moja: je, mtu anayesoma ukurasa huo alfajiri, maji yakiwa yanapanda, ataelewa anachoambiwa?

Programu yenyewe na namna inavyowekwa

Programu inayozungumziwa inaitwa WeeWX. Ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Python, nayo hufanya kazi katika seva ya Linux, hata katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inayotoshea kiganjani. Nje ya nyumba huwekwa vipimio: kipimajoto, kipimaupepo na kipimamvua. Vipimio hupeleka taarifa kwenye kifaa cha ndani, na kifaa hicho huunganishwa na seva. Programu husoma taarifa hizo mfululizo, na kwa kawaida kila baada ya dakika 5 huziweka pamoja katika hifadhidata na kutengeneza upya kurasa zenye majedwali na michoro.

Wakati wa kuisakinisha, programu huuliza maswali machache: jina la mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, latitudo na longitudo, aina ya kituo, na mfumo wa vizio unaotakiwa. Maswali haya yasijibiwe kwa haraka. Mwinuko ukikosewa, mgandamizo wa hewa utakaoonyeshwa hautalingana na wa vituo vingine, maana hata Gisenyi, iliyo chini kuliko Mahoko, ipo zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Latitudo nayo huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa sababu tupo kusini ya ikweta. Tena saa ya seva ifuate majira ya Kigali. Nyingi ya kompyuta hizi ndogo hazina saa inayoendelea kutembea umeme unapokatika. Zikiwaka tena bila intaneti zinaweza kuandika mvua ya leo kwa tarehe iliyokwisha pita.

La muhimu kwetu walimu wa lugha ni kwamba maneno yote yanayosomwa kwenye ukurasa yametengwa na programu. Yamo katika faili moja la matini tupu kwa kila lugha. Anayetaka Kiswahili hana haja ya kujua Python. Hunakili faili la Kiingereza, hulipa jina jipya lenye herufi mbili za Kiswahili, sw, kisha hutafsiri kila mstari. Urahisi huu ndio uliozaa rasimu tunayoihakiki, na urahisi huohuo ndio chanzo cha kasoro zake nyingi.

Tulikotoka

Kazi hii si ya kwanza ya aina yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Miaka hiyohiyo kampuni ya Microsoft nayo ilikuwa ikiandaa Kiswahili cha Windows na Office. Wasomi wa lugha na mafundi wa kompyuta walilazimika kukaa meza moja na kukubaliana juu ya mamia ya maneno.

Miaka zaidi ya 20 baadaye tunaweza kuona yaliyodumu. Neno pakua limeshinda, na siri yake ni jikoni: mwenye kompyuta hufanya kama mama anayetoa chakula chunguni na kukiweka sahanini. Hifadhi, faili, tovuti na barua pepe yamezoeleka. Sakinisha, linalotokana na sakini, yaani kukaa mahali, linaeleweka kwa anayeijua asili yake. Kwa upande mwingine, ngamizi halikuweza kushindana na kompyuta, na tarakilishi limebaki zaidi katika vitabu vya Kenya. Funzo ni kwamba neno hudumu likiwa na mizizi katika maisha ya wasemaji, au likiwa tayari limo vinywani mwao. Rasimu yetu imelielewa funzo hili katika ngazi ya neno. Imeshindwa katika ngazi ya sentensi.

Mazuri ya rasimu

Yanayostahili sifa yasemwe kwanza. Watafsiri wametumia halijoto bila kuyumba, neno lililoundwa kwa hali na joto na linaloeleweka bila kufungua kamusi. Wametumia nyuzi kwa kizio cha joto kama wafanyavyo watangazaji wa redio. Wametofautisha hali ya hewa, inayobadilika leo na kesho, na tabianchi, inayopimwa kwa miaka mingi. Wengi huyachanganya haya mawili, hata katika maandishi ya wasomi. Aidha, hawakujitungia istilahi mpya pale zilizopo zilipotosha. Huo ni ukomavu.

Upatanisho wa kisarufi

Kasoro ya kwanza inatokana na ngeli. Kiingereza hutumia neno moja la kumaanisha kiwango cha juu zaidi, na neno hilo hukaa mbele ya joto, upepo, unyevu na mvua bila kubadilika. Faili la lugha nalo lina mstari mmoja tu wa neno hilo. Watafsiri wameandika “la juu”, kwa kuwa walikuwa wakifikiria joto. Matokeo yake ukurasa unasema “upepo la juu” na “mvua la juu”. Vivyo hivyo neno la hali iliyopo sasa limetafsiriwa “ya sasa”, na tunapata “joto ya sasa”.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekatwa alama kwa makosa haya. Hata hivyo, hakuna mtafsiri aliyekosea sarufi. Kila mstari ukisomwa peke yake ni sahihi. Kosa limezaliwa pale mashine ilipounganisha vipande. Dawa yake ni kutumia maneno yasiyodai upatanisho. “Juu kabisa”, “chini kabisa” na “kwa sasa” hukaa na ngeli yoyote bila ugomvi: “Joto, juu kabisa”; “Upepo, juu kabisa”; “Mvua, kwa sasa”. Hapa kuna somo zuri la sarufi kwa darasa zima: vielezi ni rafiki wa mtafsiri wa programu.

Jambo la pili ni mpangilio. Programu hutanguliza tarakimu na kufuatisha kizio, hivyo rasimu inatoa “3 siku, 4 saa”. Mswahili husema siku 3 na saa 4. Faili linaruhusu mpangilio wa muda kugeuzwa. Watafsiri hawakuugusa kwa kuwa waliuona ni mambo ya mafundi. Mpangilio wa maneno ni mambo yetu.

Kifaa na kipimo

Katika Kiingereza cha programu hii, jina la kifaa cha kupimia mgandamizo wa hewa hutumika pia kwa mgandamizo wenyewe. Rasimu imefuata vivyo hivyo na kuandika “Kipimahewa: 1016”. Msomaji atadhani hiyo ni namba ya kifaa. Kiswahili kina maneno ya kipimo chenyewe. Vitabu vya fizikia hutumia kanieneo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, katika taarifa zake za vimbunga, huzungumzia mgandamizo mdogo wa hewa, na wananchi wengi wa mwambao walilisikia neno hilo wakati wa kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024. Kwa ukurasa wa umma tunapendekeza mgandamizo wa hewa. Kanieneo libaki darasani.

Vilevile “kiwango cha umande” hakisemi kitu kwa msomaji wa kawaida. Anayekisoma atadhani umande umepimwa. Kinachopimwa ni joto: hewa ikipoa hadi nyuzi hizo, umande huanza kutunga. “Joto la umande” lingetosha, na nyuzi zinazofuata zingelifafanua. Kuhusu baridi inayoongezwa na upepo, rasimu imejitahidi kuitafsiri kwa maneno manne. Tunashauri ifutwe. Hesabu ya kipimo hicho imekusudiwa halijoto ya nyuzi 10 kushuka chini, na kwa sehemu kubwa ya mwaka huku kwetu itaonyesha tu joto lilelile mara ya pili. Mtafsiri mzuri hujua pia nini hakihitaji kutafsiriwa.

Dira

Pande nne za dunia zimeleta kichekesho. Kwa Kiingereza kila upande una herufi yake ya kwanza. Kwetu Kaskazini na Kusini zote huanza na K. Mashariki na Magharibi zote huanza na M. Rasimu ilipofupisha kwa herufi moja, upepo wa kaskazini na wa kusini ukawa mmoja, na dira yenye pande 16 ikajaa K na M tupu. Ufupisho wa herufi tatu, yaani Kas, Kus, Mas na Mag, unatosha, na pande za kati ziandikwe Kas-Mas, Kus-Mag na kadhalika.

Lakini pana jambo la ndani zaidi. Mwambaoni kaskazi na kusi ni majina ya pepo za msimu kabla ya kuwa mashina ya majina ya pande. Kwa hiyo “upepo wa kaskazi” kwa nahodha wa Lamu hauna utata. Kwa msomaji wa bara, “upepo wa kaskazini” unaweza kuwa unaotoka huko au unaokwenda huko. Wataalamu wa hali ya hewa hutaja siku zote upande unaotoka. Basi lebo iseme hivyo: “Upepo unatoka”. Maneno mawili yanaondoa shaka yote.

Saa

Tunakuja kwenye kasoro zinazoweza kudhuru. Ukurasa wa rasimu unasema: “Mvua, juu kabisa, saa 3:10.” Programu imemaanisha dakika 10 baada ya saa tisa usiku, kwa kuwa inahesabu kuanzia saa sita usiku. Msomaji wa Kiswahili, na wa Kinyarwanda pia maana hesabu zetu za saa zinafanana, atasoma saa tatu na dakika kumi. Ataamini kwamba mvua kali ilinyesha saa tatu asubuhi, au saa tatu usiku kabla hajalala. Tofauti ni ya saa 6, nayo si ndogo kwa anayetaka kujua maji ya mlimani yatafika lini.

Zaidi ya hayo, neno saa lina kazi mbili. “Saa 3” ni wakati wa siku, na pia ni urefu wa muda. Kwa hiyo “mvua ya saa 3” ina maana mbili kwa mkupuo. Mapendekezo yetu ni haya: wakati wa siku uandikwe kwa tarakimu nne bila neno saa mbele yake, mathalani 03:10, na juu ya ukurasa pawe na mstari mmoja unaoeleza kwamba hesabu huanza saa sita usiku. Urefu wa muda utanguliwe na neno muda: “katika muda wa saa 3”.

Mvua ya leo na kasi ya mvua

Rasimu ina lebo “Mvua ya leo”. Ni tafsiri sahihi, nayo ni hatari. Programu huanza kuihesabu leo saa sita usiku. Mvua iliyoanza kunyesha saa mbili usiku na kwisha alfajiri hukatwa vipande viwili, kimoja cha jana na kimoja cha leo, na anayefungua ukurasa saa kumi na moja alfajiri huona nusu tu ya kilichonyesha. Lugha yetu inalijua tatizo hili tangu zamani. Ndiyo maana tunasema usiku wa kuamkia Jumatano, tukiufunga usiku mzima kwa siku moja. Mashine haina usiku wa kuamkia. Lebo ya kwanza ukurasani iwe “Mvua katika muda wa saa 24 zilizopita”, jumla ambayo haikatwi na saa sita, na mvua ya leo ishuke chini.

Kubwa kuliko yote ni neno kiwango. Rasimu inalo kila mahali: kiwango cha joto, kiwango cha unyevu, kiwango cha mvua. Tena “kiwango cha mvua” kimetumika mara mbili kwa mambo mawili tofauti: kiasi cha mvua iliyokwisha nyesha, na kasi ambayo mvua inanyesha sasa. Tuchukue mfano. Milimita 20 zikinyesha mchana kutwa, mkulima hushukuru. Milimita hizohizo zikinyesha katika dakika 20, kasi yake ni milimita 60 kwa saa, na ardhi ya mteremkoni haiwezi kuzinywa. Ikumbukwe kwamba milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita mraba; juu ya kilomita mraba moja ya mlima ni lita milioni 1. Kiasi ni kimoja katika mifano yote miwili. Kinachotofautisha neema na janga ni kasi, na rasimu imeipa kasi na kiasi jina moja.

Hili halikusababishwa na umaskini wa Kiswahili. Lugha yenye manyunyu, rasharasha, mvua za vipindi, mvua ya mawe, gharika na mafuriko haikosi maneno ya ukali wa mvua. Mamlaka ya Tanzania huonyesha njia: taarifa zake zimekuwa zikifafanua mvua kubwa kuwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, kiasi na muda vikiwa pamoja katika kauli moja. Tunapendekeza “Mvua iliyonyesha” kwa kiasi, ikifuatwa na milimita, na “Kasi ya kunyesha” kwa kasi, ikifuatwa na “milimita kwa saa”. Kitenzi kinafanya kazi ambayo nomino ilishindwa: iliyonyesha imepita, kunyesha kunaendelea.

Je, kwa nini Kiswahili?

Msomaji anaweza kuuliza: watu wa Mahoko huzungumza Kinyarwanda, Kiswahili cha nini? Swali ni la haki. Onyo la mafuriko lazima litolewe kwanza kwa Kinyarwanda, na mamlaka ya kulitoa si kituo cha nyumbani bali Meteo Rwanda. Faili la Kinyarwanda liandaliwe, na yote tuliyosema juu ya ngeli yatalihusu pia. Lakini Rubavu ni mpaka. Wafanyabiashara wa Goma na wa Gisenyi huelewana kwa Kiswahili, hata kama upande wa pili husikika mvula pale sisi tunapoandika mvua. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Lugha rasmi isiyoweza kumwambia mtu kwamba mvua imezidi bado ni lugha ya mtihani tu.

Pia tusikipe kituo uwezo kisichokuwa nao. Kipimamvua cha Mahoko hupima mvua ya Mahoko. Mvua ya juu milimani huhitaji kipimamvua cha milimani, na ukurasa useme wazi umepima wapi. Jina la mahali liandikwe juu ya kila jedwali.

Hitimisho

Rasimu hii ni kazi ya heshima na inafaa kukamilishwa, si kutupwa. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, isahihishwe kwa kusoma kurasa zilizokamilika. Orodha ya maneno pekee haitoshi. WeeWX ina uwezo wa kuigiza kituo bila vipimio vyovyote, hivyo darasa linaweza kuiweka katika kompyuta moja ya Linux na kuona kila lebo ikiwa mahali pake. Pili, kurasa zisomwe na watu watano wasio wanafunzi wa lugha, wakiwemo wauzaji wa sokoni, nao waulizwe maswali mawili: mvua imenyesha kiasi gani, na sasa inanyesha kwa kasi gani? Wakijibu jambo moja kwa maswali yote mawili, tafsiri irudishwe mezani. Tatu, maneno yatakayopita mtihani huo yapelekwe kwa watengenezaji wa programu ili yatumike popote Kiswahili kinaposomwa.

Walimu wa tafsiri tumezoea kuwapa wanafunzi hotuba na hadithi fupi. Faili hili lina mistari michache kuliko hadithi fupi, lakini kila mstari unadai sarufi, msamiati na busara. Lipewe nafasi katika somo la tafsiri muhula ujao, kabla ya mvua za masika.